Familia tano, minara mitano: kisa cha matembezi ya kasri la Fyvie yaliyonitoa jasho

Mandhari ya kisa

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya mtu yeyote anayeombwa kienyeji tu, "si wewe unapenda mambo ya historia, tutembeze basi", halafu anajikuta amesimama mbele ya jengo la miaka mia kadhaa na watu kumi na kitu wanamkodolea macho. Watu wote nimewatoa majina na nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili wasijulikane. Kasri lenyewe siwezi kulificha, maana nikilificha hamtaelewa kosa lilikuwa wapi. Ni Fyvie, kaskazini mashariki mwa Uskoti, kama kilomita 40 kutoka Aberdeen, pembeni ya mto unaoitwa Ythan.

Kundi lilikuwa la watu 14, wote wanaongea Kiswahili ila kila mtu na chake, Watanzania, Wakenya wawili watatu, familia moja kutoka Kongo mashariki, na mzee mmoja wa pwani aliyekuja kumtembelea binti yake. Huyo mzee nitamwita Mzee K. Alikuwa fundi muashi maisha yake yote na hilo mimi sikulijua mpaka nilipokuwa nimeshaharibu. Aliyeandaa safari (nitamwita Dada M.) aliniambia nina dakika 50, watoto wapo, usiwachoshe watu.

Sasa Fyvie ina sifa moja inayomrahisishia kazi kila anayeielezea, na ndiyo iliyonitega. Inasemwa ilimilikiwa na familia tano na kila familia ikaacha mnara wake: Preston, Meldrum, Seton, Gordon, Leith. Tano kwa tano, na minara inaitwa hivyo hivyo hadi leo. Nikasema hapa kazi imeisha, nikachukua karatasi nikachora maboksi matano, kila boksi jina la familia, miaka yao na mnara wao, nikalala usingizi mzuri.

Kilichotokea

Tulifika asubuhi, kibaridi kile cha huko ambacho jua linawaka na masikio yanauma. Nikawapanga watu kwenye nyasi upande wa kusini kwa sababu ndipo kasri linapopendeza kwa picha, ukuta mrefu wa rangi ya udongo na vile vibanda vya duara vyenye kofia zilizochongoka kwenye kona za juu. Nikaanza, jamani hapa tuna minara mitano ya familia tano.

Mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi akaniambia, "Mbona mimi naona mitatu?"

Dada yake akasema minne.

Na wote wawili walikuwa sahihi! Ukisimama kusini unaona mnara wa Meldrum kona ya kushoto, wa Preston kona ya kulia, na wa Seton katikati, ila huo wa katikati ni kama magudulia mawili makubwa yaliyounganishwa na tao juu kabisa, kwa hiyo mtoto anayehesabu kwa macho yake anahesabu miwili. Wa Gordon na wa Leith uko nyuma upande wa magharibi, huuoni vizuri mpaka uzunguke. Yaani nilikuwa nimesimamisha watu mahali ambapo sentensi yangu ya kwanza inaonekana ya uongo. Nikacheka, nikasema miwili iko nyuma tutaiona, twende.

Nikaendelea na boksi la kwanza. Henry Preston alipigana vita vya Otterburn mwaka 1388, Waskoti na Waingereza, akamkamata mkubwa mmoja wa upande wa pili anaitwa Ralph Percy. Mateka wa aina hiyo alikuwa mali, unamshika ndugu zake wanalipa fidia. Preston akamwachia mfalme huyo mateka na yeye akapata Fyvie, 1390. Hapo watu walinisikiliza vizuri, hadithi ya mtu kubadilishwa na nyumba haihitaji mapambo. Nikamalizia, "na akajenga mnara ule kulia."

Mzee K. akasogea mbele. "Mwanangu, samahani. Huyo wa kulia na huyo wa kushoto umesema familia mbili, miaka tofauti?"

Nikasema ndiyo mzee.

"Basi juu wamejengewa na fundi mmoja."

Akanyoosha fimbo yake akanionyesha. Ukuta wa chini acha, anasema, ukuta wa chini ni mnene na madirisha yake hayaongei lugha moja. Lakini tazama juu, vile vibanda vya kona, mawe yanayovibeba yametoka ngazi kwa ngazi kwa kipimo kilekile kulia na kushoto, paa zimelingana, na katikati hivyo hivyo. Mtu hawezi kulinganisha hivyo akiwa amezaliwa miaka mia baadaye, labda aje mmoja avae nyumba nzima koti jipya.

Nilikaa kimya. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na nilishawahi kuisoma nikaiona ni ya kiufundi mno nikaiacha. Alexander Seton alinunua Fyvie mwaka 1596, akaifumua na kuisuka upya, na upande wote wa kusini jinsi unavyoonekana leo ukilingana kulia na kushoto ni kazi yake yeye, hata hiyo minara yenye majina ya waliomtangulia. Kwa hiyo boksi langu la kwanza na la pili yalikuwa yameandikwa chini ya paa za boksi la tatu.

Tukaingia ndani. Ngazi ya Seton ndiyo kitu kikubwa humo, inazunguka nguzo kama konokono ila pana sana, watu wanne wanapanda sambamba bila kugusana mabega, na ukiinua macho unaona miezi mwandamo iliyochongwa, alama ya akina Seton. (Wapo wanaosema vijana wa Gordon walipandisha farasi humo kwa kuwekeana dau. Watoto waliishikilia hiyo mpaka jioni.) Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili ambalo kwangu ni kubwa kuliko la minara.

Niliwasimulia habari ya Lilias Drummond, mke wa kwanza wa Seton. Simulizi maarufu ni kwamba alimzalia mumewe mabinti tu, mume akachoka kusubiri mrithi, mama akafa kwa huzuni au kwa njaa, na mume alipooa mwingine haraka haraka, usiku wa harusi wakasikia kilio nje ya dirisha, asubuhi wakakuta jina la marehemu limechongwa kwenye kizingiti cha nje, huko juu ghorofani ambako mtu hafiki. Jina lipo kweli, D LILIES DRUMMOND, herufi kubwa zimechimbwa ndani ya jiwe. Mimi nikaisimulia kwa vichekesho, nikaigiza sauti, nikasema "mama wa watu kajaza nyumba mabinti, mzee kashindwa kuvumilia", vijana wakacheka.

Mama mmoja hakucheka. Ana mabinti wanne, wawili walikuwa pale pale. Akachukua mdogo akamshika mkono akashuka ngazi taratibu, na Dada M. akanitazama kwa lile jicho.

Maamuzi niliyofanya, na kwa nini

Nilikuwa na kama dakika 25 zimebaki. Kitu cha kwanza niliikunja ile karatasi nikaiweka mfukoni. Si kwa ushujaa, ilikuwa haina kazi tena, kila boksi ningelifungua Mzee K. angeliuliza.

Kitu cha pili niliacha kuuliza "nani alijenga nini" nikaanza kuuliza "aliingiaje humu, na alitokaje". Nilifikiri hivi: ukuta unaweza kubishaniwa na fundi yeyote mwenye macho, lakini mlango walioingilia unajulikana. Preston kaingia kwa mateka. Meldrum kaingia 1433 kwa kuoa binti wa Preston. Seton kwa pesa ya mwanasheria, maana alikuwa jaji mkubwa na baadaye akawa Chansela wa Uskoti, mfalme akamwamini hadi kumwachia mwanawe mchanga Charles amlee, yule aliyekuja kuwa Charles wa Kwanza. Akina Seton walitoka kwa siasa: mwenye nyumba wa nne wa ukoo huo alisimama na mfalme aliyepinduliwa, James, akaenda kupigana Killiecrankie 1689, upande wake ukashindwa baadaye, 1690 akatangazwa mhalifu akafia uhamishoni Ufaransa. Nyumba ikarudi kwa serikali ya mfalme. Mwaka 1733 Earl wa pili wa Aberdeen (Earl ni cheo cha kurithi cha wakubwa wa huko), ukoo wa Gordon, akainunua kwa ajili ya watoto wa mke wake wa tatu, kwa sababu mali kubwa ya baba ilikuwa ya mtoto wa mke wa pili. Hapo watu wa kundi letu walielewa bila tafsiri, watu wa pwani na wa bara wote wanaijua nyumba ya mke mdogo.

Uamuzi wa tatu, Lilias. Nilingoja tufike chumba cha picha, nikasema naomba nirudi nyuma kidogo, niliyowaambia kule kwenye ngazi niliyasema vibaya. Nikawapa yaliyoandikwa: Lilias alifariki Mei 1601, na hakufia Fyvie, alifia Dalgety, huko Fife, mbali na hapa. Seton akamwoa Grizel Leslie mwaka huo huo haujaisha, hilo ni kweli na watu wa wakati ule lazima walinong'ona. Lakini mrithi hakumpata kwa Grizel. Grizel naye akafariki 1606, na Charles aliyekuja kurithi alizaliwa na mke wa tatu, Margaret Hay. Kwa hiyo ile haraka yote haikumletea alichokuwa anakitaka. Na wa kulaumiwa kwenye hadithi, kama yupo, si mama mwenye mabinti.

Sikumtazama yule mama wakati nasema. Niliona itakuwa kumweka jukwaani mara ya pili.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa neno tu lakini ulinisumbua wiki nzima kabla. Hawa wenye nyumba niwaiteje? Bwana? Chifu? Nikachagua mwinyi, na nikalitetea hivi: mwinyi kwa pwani ni mwenye mahali, anaitwa kwa mahali pake, na hawa nao walikuwa wanaitwa kwa ardhi yao kuliko kwa jina la baba. Na jengo nikaliita kasri, sikuliita ngome, maana Fyvie ya Seton ni nyumba ya mtu tajiri iliyovaa nguo za vita, matundu ya bunduki yapo lakini madirisha ni makubwa ya mtu anayetaka mwanga.

Matokeo

Sehemu ya mwisho ilikwenda vizuri kuliko ya mwanzo, sitajisifu zaidi ya hapo. Walisimama muda mrefu mbele ya picha ya Kanali William Gordon aliyechorwa Roma mwaka 1766 na mchoraji Mwitaliano Batoni, mwenyewe amevaa sketi ya Kiskoti na shuka la tatani (kitambaa cha mirabamiraba cha Kiskoti) amelizungusha begani kama Mroma wa kale, magofu ya Roma nyuma yake. Niliwaambia mwaka huo nguo hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kwa raia Uskoti tangu baada ya uasi wa 1745 wa kutaka kuurudisha ukoo wa yule James aliyepinduliwa, wanajeshi ndio walioruhusiwa, kwa hiyo jamaa anavaa kitu ambacho mkulima wa kwao angefungwa nacho. Mkenya mmoja akasema "huyu ni wale wa kuvaa shuka la Kimaasai akienda ng'ambo", tukacheka wote, safari hii bila kumkwaza mtu.

Kwa Leith nilikwenda haraka lakini hakuna aliyelalamika. Alexander Leith, baharia wa jeshi aliyezaliwa 1847, akaoa Marekani binti wa mfanyabiashara wa St. Louis, akatajirika kwa chuma cha pua huko Illinois, 1889 akarudi akanunua Fyvie kutoka kwa Gordon wa mwisho, akaongeza mnara wake wa 1890 na kujaza picha ukutani. Mwanawe wa kiume aliitwa Percy. Akafa 1900 kwenye vita vya Makaburu Afrika Kusini. Dada M. ndiye aliyeshtuka kabla yangu: "Percy si yule mateka?" Jina tu limegongana, lakini pale ndani ya nyumba ile lilitia ubaridi, maana nyumba ililetwa kwa akina Preston na Percy mmoja. Mali ikapitia kwa binti, mumewe ikabidi achukue jina la Forbes-Leith.

Halafu Mzee K. akauliza swali lililofunga siku. "Sasa hivi ya nani?"

Nikasema familia waliiuza 1984, pamoja na vitu vilivyomo, ikachukuliwa na shirika la hifadhi la taifa la Uskoti, linalotunza nyumba na ardhi kwa niaba ya watu wote, na lina nguvu ya kisheria ya kuifunga mali isiuzwe.

"Wakfu," akasema.

Si wakfu kwa maana ya dini, nikamwambia, na pale mlangoni unalipa tiketi. Akasema hata wakfu una msimamizi na msimamizi anakula. Hapo nilinyoosha mikono.

Yule mama alinitumia meseji baada ya siku tatu, fupi, akiniomba nimwandikie majina ya wale wake watatu wa Seton kwa mpangilio, binti yake mkubwa anataka kuandika kitu shuleni. Sikuuliza zaidi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoanguka

Kosa la msingi halikuwa kutojua, na hili ndilo linaloniuma. Habari ya Seton kuivalisha nyumba nzima nilikuwa nayo. Niliitupa kwa sababu iliharibu mpango wangu wa tano kwa tano. Mpango ukishakuwa mzuri mno unaanza kufukuza ukweli wenyewe, hata bila wewe kuusaidia.

Baadaye nyumbani nilichukua ile karatasi nikahesabu miaka, kitu ambacho ningefanya kabla. Preston miaka 43. Meldrum 163. Seton 94. Gordon 156. Leith 95. Angalia Meldrum! Ndio waliokaa kuliko wote, na mimi niliwapa sentensi moja na nusu, kwa sababu hawana mzimu, hawana picha ya Roma, hawana chuma cha Illinois. Walikaa tu, wakaoa, wakazaa, wakalima, mwishowe wakauza. Na kati ya Seton na Gordon kuna miaka 43 ambayo haina ukoo wowote, kasri liko mikononi mwa serikali, ni muda mrefu sawasawa na wa akina Preston wote lakini haukupewa boksi wala mnara. Kabla ya Preston pia palikuwa na watu, ilikuwa ngome ya wafalme, Edward wa Kwanza wa Uingereza alipita hapo 1296 akiwa anaiteka nchi, na aliyeishika mara moja kabla ya Preston ni James Lindsay, ambaye hesabu ya "familia tano" inamruka kabisa. Kwa hiyo hata tano yenyewe ni hesabu ya minara zaidi kuliko ya watu.

Lipi lilifanya kazi? Kubadilisha swali. Nilipohama kutoka kwenye mnara kwenda kwenye mlango wa kuingilia, mateka, ndoa, pesa, siasa, mke wa tatu, kila mtu kwenye kundi akawa na kitu cha kushikia kutoka kwao. Sikuhitaji kulazimisha mfano wa Lamu wala wa Unguja, wenyewe walileta. Na kukiri mbele ya watu kuhusu Lilias kulifanya kazi, ingawa ningekuwa na akili nisingehitaji kukiri. Mzimu sio tatizo, jina liko pale kwenye jiwe na mtu atakuuliza, huwezi kujifanya hulijui. Tatizo ni kuusimulia kabla ya tarehe. Ukianza na kilio cha usiku, Dalgety inakuja kama mtu wa kuharibu sherehe. Ukianza na mama aliyefia Fife na mwanaume aliyeoa kabla mwaka haujaisha, halafu ndio uwaonyeshe herufi, wanaelewa kwa nini watu walihitaji kilio.

Kuna jambo moja nililiacha makusudi na bado sina hakika kama nilifanya sawa: laana. Inasimuliwa kwamba mtabiri Thomas wa karne ya 13 alifungiwa geti la Fyvie akakasirika, akasema mawe matatu yasipokutanishwa, nyumba haitarithiwa kwa mstari wa baba kwa mwana. Moja lipo limewekwa ndani, hutoa unyevu wakati mwingine ndiyo maana linaitwa jiwe linalolia, jingine inasemwa limo ukutani, la tatu halijapatikana. Niliogopa kwamba nikilitaja, kila nilichoeleza kuhusu ndoa na mabinti na Percy kingemezwa na jiwe, watu wangebeba laana nyumbani wakaacha sababu. Mwenzangu mmoja anayetembeza watu Stirling, mji mwingine wa Uskoti, anasema nilikosea, anasema laana ndiyo njia ya watu wa pale wenyewe kusema kwamba urithi uligoma mara nyingi mno, kwa hiyo nayo ni ushahidi wa namna fulani. Ana hoja.

Kundi la pili nililipeleka mwezi uliofuata. Tulianzia nyuma, upande wa magharibi, kwenye mnara wa Leith ambao ni wa juzi, tukazunguka kurudi nyuma kwa miaka mpaka kusini, nikawaambia watoto wahesabu minara wenyewe na wasiniambie mpaka tufike mwisho. Wakapata sita. Wawili wakapata saba, wakahesabu na kofia za kona. Nikawauliza swali la Mzee K., juu kajenga nani, wakaanza kubishana wakiwa wamenyanyua vidole, na mimi nikakaa kwenye nyasi.